Umeona ukumbi, hukuona kitanda: jibu kwa mama anayeuliza kuhusu nafasi za udaktari

"Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kayole na nauza nguo Gikomba. Kifungua mimba wangu alipata A- katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Tangu darasa la sita anasema atakuwa daktari. KUCCPS, ile ofisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, haikumpa udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, imempa shahada ya biokemia. Mwaka jana dada yangu alikaa kwenye benchi la hospitali kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri bila kuonwa, akaambiwa arudi kesho. Sasa nashindwa kuelewa. Madaktari hawatoshi, Shirika la Afya Duniani linataka daktari 1 kwa kila watu 1,000, na watoto wenye akili tunao. Kumbi za mihadhara nimeziona kwa macho yangu, Jumamosi ziko tupu. Kwa nini serikali isiamuru chuo kipokee wanafunzi mara mbili? Wenzangu sokoni wanasema maprofesa wanabana nafasi ili wabaki wachache na wa bei ghali. Kuna wakala mjini anayesema atampatia kijana nafasi ng'ambo tukilipa kabla ya mwisho wa mwezi. Nina ploti Joska. Niuze? Kijana mwenyewe hatoki chumbani tangu apate habari."

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili, na sentensi iliyonikaa ni hiyo ya mwisho, ambayo uliiandika kama nyongeza tu. Nianze nayo. Kijana kujifungia siku mbili tatu baada ya kukosa kitu alichokitamani tangu utotoni ni huzuni ya kawaida, na mara nyingi huisha yenyewe. Lakini ikifika wiki ya pili hali chakula vizuri, usingizi umempotea au analala mchana kutwa, simu za marafiki hapokei, usingoje jibu la mtu wa mtandaoni kama mimi. Mpeleke akaonwe ana kwa ana. Hospitali ya Mama Lucy haiko mbali nanyi, na Mathari wako wataalamu wa maradhi ya akili ambao kazi yao ya kila siku ni vijana kama wako, watu waseme watakayo kuhusu jina la Mathari. Na akitamka neno lolote la kutotaka kuishi, basi ni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Haya mengine yote yanaweza kungoja mwezi mzima bila hasara.

Sasa tuje kwa swali lako kubwa. Jambo la msingi umelisema sawa: nchi inahitaji madaktari zaidi, na vyuo vya umma ndivyo vinavyopaswa kupanuliwa, kwa sababu mtoto wa muuza nguo hawezi kulipa karo ya vile vya binafsi. Mimi nimefundisha wanafunzi wa udaktari miaka mingi hapa Nairobi na sijawahi kukutana na mwalimu mwenye akili timamu anayebisha hilo. Tunapoachana ni pale unapotazama mahali pa kupanua. Wewe umetazama ukumbi wa mihadhara. Mimi nikitaka kujua chuo cha udaktari kina nafasi ngapi, ukumbi huwa ni kitu cha mwisho kutazama.

Udaktari husomewa mahali pawili tofauti kabisa. Miaka ya mwanzo, kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, huwa Chiromo: anatomia, jinsi mwili unavyofanya kazi, kemia ya mwili. Hapo kweli ukiniletea wanafunzi mara mbili nitahangaika, lakini nitapata njia. Nitaleta vipaza sauti, nitagawa kundi la asubuhi na la alasiri, nitarekodi mihadhara. Hata maiti za kusomea, ambazo ni chache kwa sababu Wakenya hatuna desturi ya kuusia miili yetu kwa sayansi, zinaweza kusaidiwa na vielelezo na picha za kompyuta, ingawa mkono uliowahi kushika mshipa halisi haufanani na mkono uliouona kwenye skrini. Baada ya hapo mwanafunzi anapanda Upper Hill, kwenye Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Huko ndiko daktari anakotengenezwa, na huko kipaza sauti hakisaidii kitu.

Nikuchoree picha. Katika hospitali moja ya umma niliyowahi kufundisha, saa mbili asubuhi tulikuwa tunazunguka wodi: mimi, madaktari wawili wanaosomea ubingwa, madaktari wanagenzi wawili (waliohitimu lakini bado wako chini ya usimamizi), muuguzi, na wanafunzi kumi na wanane. Kitandani kulikuwa na mzee mwenye wengu lililovimba. Wengu ni kitu ambacho mwanafunzi hukijua kwa vidole. Unaweka mkono chini ya mbavu za kushoto, unamwambia mgonjwa avute pumzi, unasubiri ukingo wake ukuguse. Kitabuni ni mistari miwili. Kwa vidole ni mazoezi ya miezi. Mwanafunzi wa kwanza alimpapasa mzee, wa pili, wa tatu. Alipofika wa sita mzee akakunja uso. Wa saba nikamsimamisha. Kumi na wawili waliobaki waliandika kwenye daftari, "wengu limevimba", wakapita. Nilijua kabisa kwamba nimewafundisha sita tu, na wale wengine nimewapa habari.

Hesabu yenyewe iko hapo. Tuseme wodi ina wagonjwa 40. Wengine wako taabani, wengine wamechoka, wengine hawataki, na ni haki yao kukataa. Wanabaki labda 20 wa kufundishia kwa siku. Kila mmoja anaweza kuvumilia mikono ya wanafunzi watatu au wanne kabla mafunzo hayajawa mateso. Gawanya nafasi hizo kwa wanafunzi, ukikumbuka kwamba wale wa udaktari hawako peke yao. Wapo wa uuguzi, wapo matabibu (clinical officers) kutoka KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, wapo madaktari wanagenzi, wapo wanaosomea ubingwa, na wote wanahitaji mgonjwa yule yule. Kwenye wodi ya wazazi ushindani ni mkali zaidi, kwa maana kila mwanafunzi ana idadi ya akina mama anaopaswa kuwazalisha kwa mkono wake chini ya usimamizi, na mtoto huzaliwa mara moja tu. Ndiyo maana serikali haiwezi tu kuamka na kuamuru. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ndilo linalokagua vyuo hivi, na mkaguzi akija huuliza vitanda vingapi, wagonjwa wa aina gani, walimu bingwa wangapi. Chuo kikipokea watu kupita uwezo wake, baraza lina mamlaka ya kukizuia.

Hospitali yenyewe unaijua. Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40. Chuo cha udaktari cha Nairobi kilipoanzishwa mwaka 1967, kabla ya hapo vijana wetu wakisafiri hadi Makerere, kiliegemea hapo hapo. Sensa ya 1969 ilikuta Wakenya milioni 10.9. Ya 2019 ilikuta milioni 47.6. Kenyatta leo ina vitanda takriban 1,800, na karibu kila anayetaka kupanua mafunzo jijini huanza kwa kuiangalia hiyo hiyo, kama familia inayozidi kuongezeka huku inakula kwenye sufuria ya bibi.

Na kuna jambo ambalo hata wasomi hulisahau: Kenyatta ni hospitali ya rufaa. Mgonjwa anayefika wodini pale, mara nyingi, ni yule aliyewashinda wengine huko alikotoka. Mwanafunzi anaweza kuona saratani tatu za nadra kabla hajapata nafasi ya kumtibu mtoto mwenye nimonia ya kawaida tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha anapelekwa kaunti, na kila siku ni nimonia, kisukari, shinikizo la damu, mama aliyekwama katika uzazi. Kwa hiyo mimi nikiambiwa leo nipanue chuo, sitaongeza hata jengo moja Upper Hill. Nitawapeleka wanafunzi Thika, Machakos, Kiambu, Mbagathi, Pumwani, Mama Lucy hapo kwenu, wakae miezi, wala si ziara ya siku mbili ya kupiga picha.

Wazo hilo si jipya wala si langu. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, tangu kilipoanza kufundisha udaktari mwaka 1990 kimekuwa kikiwapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya vya mashinani kama sehemu ya masomo yenyewe. Nairobi nako, mpango wa Marekani wa kusaidia elimu ya udaktari barani Afrika ulipoanza mwaka 2010, sehemu ya fedha ilitumika kusambaza wanafunzi katika hospitali za nje ya jiji. Watanzania walipotaka kukipanua Chuo Kikuu cha Muhimbili, walianza kwa kujenga hospitali Mloganzila, nje ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwa mkopo wa Korea Kusini. Hapo ndipo pa kuanzia: mgonjwa na kitanda, kisha dawati.

Ugumu upo, na ni wa Kikenya hasa. Tangu 2013 hospitali za kaunti ziko chini ya magavana, na vyuo vikuu viko chini ya wizara huko juu. Daktari bingwa wa Machakos ameajiriwa na kaunti kutibu. Ukimletea wanafunzi kumi, foleni yake inarefuka, kwa sababu kumwonyesha mwanafunzi mgonjwa mmoja huchukua muda wa kuwaona watatu. Nani anamlipa kwa hilo? Kama jibu ni "hakuna mtu", atafundisha mwaka wa kwanza kwa moyo, wa pili kwa aibu, wa tatu atawaambia wasimame nyuma wasimguse. Nimeona haya na simlaumu. Basi unapoisikia serikali ikitangaza kupanua udaktari, usisikilize idadi ya madarasa. Sikiliza kama kuna mtu ametaja mshahara wa mwalimu wa kaunti, nyumba ya wanafunzi karibu na hospitali, na mkataba kati ya chuo na gavana. Visipotajwa, ni ukumbi mwingine tu huo.

Hilo la Shirika la Afya Duniani naona nilirekebishe, kwa kuwa hata wabunge wetu hulirudia. Kile kipimo cha daktari 1 kwa watu 1,000 huzungumzwa sana, lakini si kiwango ambacho shirika hilo limekiweka. Kipimo walichokitoa mwaka 2016 huwajumlisha madaktari, wauguzi na wakunga: 4.45 kwa kila watu 1,000. Tofauti hiyo ina maana kwa dada yako. Pale benchini hakungoja daktari peke yake. Alimngoja muuguzi wa kumpima, mtu wa maabara, mfamasia, na pengine kitanda. Ungemwongeza daktari mmoja kwenye chumba kile bila hao wengine, foleni ingesogea kutoka mlango mmoja hadi mlango unaofuata.

Je, maprofesa wanabana? Nikisema hapana kabisa utanicheka. Kila chama cha mafundi duniani, kuanzia maseremala hadi mawakili, kina watu wanaoona raha ya kuwa wachache, na sisi pia tunao. Ila hapa kwetu simwoni mwenye nguvu hizo. Vyuo vya umma vilikuwa na kila sababu ya kujaza watu. Mpango wa wanafunzi wa kujilipia ulipoanza Nairobi mwaka 1998, karo yao ndiyo iliyoendesha mengi chuoni, na tamaa ilikuwa ya kuongeza, si ya kupunguza. Fedha iliingia, madarasa yakafurika, vitanda vya hospitali havikuongezeka kwa kasi hiyo. Kisha mtihani wa KCSE wa 2016 ukasahihishwa kwa ukali, wakapatikana watahiniwa 141 tu wa A nchi nzima, waliohitimu kujiunga na chuo kikuu wakawa wachache kiasi cha serikali kuweza kuwachukua wote, na ule mfereji wa wanaojilipia ukakauka. Kwa hiyo makosa yetu, ukiniuliza mimi, ni kwamba tulipanua tulipoona pesa na tukasahau kupanua pale pasipoleta pesa. Mgonjwa wa wodi ya umma halipi karo.

Kama unataka mfano wa mafundi waliojibania kweli, au tuseme waliokosea hesabu, ni Marekani. Mwaka 1980 kamati ya serikali yao ilitabiri kwamba ifikapo 1990 watakuwa na madaktari 70,000 wa ziada, na vyuo vikajizuia kukua. Ziada ile haikuwa kero iliyotabiriwa. Mwaka 2006 chama cha vyuo vyao vya udaktari kikageuka, kikataka wanafunzi waongezwe kwa asilimia 30. Wakaongezwa. Lakini mwaka 1997 bunge lao lilikuwa limeweka kikomo kwa nafasi za mafunzo ya hospitalini zinazolipiwa na bima ya serikali, zile ambazo daktari lazima azipitie kabla ya kuruhusiwa kutibu. Kwa hiyo nchi tajiri kuliko zote ilipanua mlango wa mbele ikauacha wa nyuma ulivyokuwa.

Sisi tumefanya hivyo hivyo, na hapa ndipo nataka unisikilize zaidi kuliko kote, kwa sababu panamhusu kijana wako moja kwa moja. Kijana akianza udaktari Septemba 2026, anasoma miaka 6, anamaliza 2032. Hawi daktari kamili bado. Lazima afanye mwaka mmoja wa uanagenzi kwenye hospitali iliyoidhinishwa, chini ya usimamizi, ndipo apate leseni: 2033. Nafasi za uanagenzi hutolewa na Wizara ya Afya, na zinahitaji bajeti kwa sababu mwanagenzi hulipwa. Mkataba wa mwaka 2017, uliotokana na mgomo wa siku 100, uliweka malipo yao kuwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema haina uwezo, ikataka kulipa 70,000. Madaktari wakagoma kuanzia katikati ya Machi hadi tarehe 8 Mei, na suala la wanagenzi likabaki bila kutatuliwa hata baada ya wengine kurudi kazini. Wakati huo wote, vijana waliokwisha kufaulu mitihani yao yote walikuwa nyumbani kwa wazazi wao, wengine wakifundisha masomo ya ziada mitaani. Na baada ya leseni kuna mlango mwingine, wa kaunti kuajiri. Wapo madaktari wenye leseni wasio na kazi katika nchi hii hii ambamo dada yako alikaa benchini kutwa. Wauguzi nao tumetia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kuwapeleka huko.

Nikiwaambia watu hivi, husema basi hatuhitaji kupanua. Hapana! Ugonjwa upo, madaktari hawatoshi, kilichokosekana ni mshahara wa kuwakutanisha. Ukiongeza wanafunzi mara mbili leo bila kuongeza nafasi za uanagenzi na ajira, utakuwa umewachukua vijana bora wa nchi, umewasomesha miaka sita kwa fedha ya umma, kisha ukawapanga foleni. Ethiopia walijaribu kwa ujasiri kuliko sisi. Kuanzia miaka ya 2000 walifungua vyuo vya udaktari kwa wingi, kutoka vichache vya kuhesabika kwa vidole hadi zaidi ya 20, kwa hoja kwamba hata wengine wakihama, watabaki wa kutosha. Vijijini wakafika madaktari ambao hawakuwahi kufika, na hilo nawaheshimu nalo. Walimu lakini hawakuzaliwa kwa kasi hiyo, na miaka ya baadaye wakaanza kusikika madaktari wasio na ajira huko pia. Sisi tulichukua njia fupi mwaka 2018, tukaleta madaktari 100 kutoka Kuba. Nilifanya kazi na madaktari wa kigeni, ni watu wazuri, lakini fikiria ni hospitali ngapi za kaunti zingeweza kuwalipa mabingwa wetu wafundishe kwa gharama ya mpango kama huo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni ndiyo, kipanuliwe, lakini kwa kuanzia nyuma. Anza na ajira za kaunti, kisha nafasi za uanagenzi zilizo na bajeti, kisha mabingwa wanaolipwa kufundisha nje ya Kenyatta, na mwisho kabisa barua za nafasi za KUCCPS. Mtu akianza na barua za KUCCPS, anatafuta kura.

Sasa kijana. A- si alama ya aibu hata kidogo, na kukosa udaktari kwa A- si dalili kwamba kuna mtu aliyemwibia. Ushindani hupimwa kwa alama za masomo mahususi, na Nairobi huvuta wenye alama za juu kabisa. Ninachotaka kukijua, na wewe hukukisema, ni hiki: aliomba udaktari katika vyuo vingapi? Naona kila mwaka vijana walioandika Nairobi, na mara nyingine Chuo Kikuu cha Kenyatta, basi, kana kwamba Moi, Egerton, Maseno, JKUAT na Masinde Muliro hawafundishi udaktari. Wote hao hutoa daktari mwenye leseni ile ile. KUCCPS hufungua dirisha la kuomba uhamisho kati ya vyuo baada ya nafasi kutolewa. Anahitaji kuwa amefikia alama ya mwisho iliyokubaliwa mwaka huo kwenye kozi anayohamia. Nendeni ofisi zao ACK Garden House, wawili nyinyi, mkiwa na karatasi ya matokeo, mkae mezani na mtu. Usitume mtu wa saiba.

Likishindikana hilo, zipo njia ambazo mimi singezidharau. Tabibu aliyesoma KMTC miaka 3 na kufanya uanagenzi wake ndiye anayemtibu Mkenya wa kawaida, na vyuo kadhaa sasa vina shahada ya utabibu. Uuguzi, famasia, maabara, vyote ni kazi za kweli ndani ya hospitali ile ile. Biokemia nayo si adhabu. Wapo wanaoimaliza na kuomba udaktari wakiwa watu wazima, ingawa sitakudanganya: wakati huo karo mara nyingi inakuwa yao wenyewe, na ni miaka mingine sita. Ila usimlazimishe kijana aipende biokemia ndani ya wiki hii. Mwache aomboleze kidogo, kisha muulize ni nini hasa alichokitaka katika udaktari. Wapo wanaotaka kumgusa mgonjwa, wapo wanaotaka kuelewa ugonjwa, na wapo, tusifichane, waliotaka koti jeupe na jina. Mwenye la kwanza ataishi vizuri akiwa tabibu. Mwenye la pili huenda biokemia imemfaa bila yeye kujua.

Ploti. Wakala anayekupa tarehe ya mwisho wa mwezi anakuuzia haraka, na haraka si sehemu ya udaktari. Wapo Wakenya waliosoma ng'ambo wakarudi kuwa madaktari wazuri sana, nimefanya kazi nao. Wapo pia walioenda kwenye vyuo ambavyo wahitimu wake hawatambuliwi hapa, au ambako miaka ya hospitalini hufundishwa kwa lugha asiyoijua mgonjwa wala mwanafunzi, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilitawanya maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika wakiwa katikati ya masomo. Anayesomea nje akirudi hupimwa na KMPDC kwa mtihani kabla hata ya kuruhusiwa kuanza uanagenzi, na ule uanagenzi ni foleni ile ile niliyokueleza. Kwa hiyo kuuza ploti hakumwezeshi kijana kuruka foleni. Kunamhamisha tu, na kwa gharama yako.

Kama bado moyo unakusukuma, fanya hivi kabla ya kutoa hata shilingi. Muombe wakala jina kamili la chuo, mji, na kozi, kwa maandishi yenye muhuri wake. Muulize wanafunzi wa kigeni wanaruhusiwa kumgusa mgonjwa kuanzia mwaka wa ngapi, katika hospitali ipi yenye vitanda vingapi, na kwa lugha gani. Akibabaika kwenye swali la vitanda, umepata jibu lako. Kisha panda matatu hadi Kilimani, ofisi za KMPDC, na karatasi hiyo pamoja na matokeo ya KCSE ya kijana. Nenda mwenyewe, usipige simu. Waulize mambo mawili: chuo hiki mnakitambua, na alama za mwanangu somo kwa somo zinatosha kusajiliwa kama mwanafunzi wa udaktari? Omba wakujibu kwa barua. Nimewahi kukaa na mzazi aliyegundua jibu la swali hilo la pili miaka sita baadaye, baada ya kuuza ng'ombe wote.

Kijana aende nawe, hata kama itabidi umtoe chumbani kwa kumwambia unaogopa kupotea huko Kilimani. Na hati ya Joska iache ilipo hadi barua ya baraza iwe mkononi mwako.